Mwalimu Aliyebishana na Bei

Mwalimu alikuwa akisikiliza tangazo la bei ya mafuta amesimama. Kila katikati ya mwezi, jua likielekea kuzama, alizima mashine yake ya kusaga, akajipangusa unga usoni kwa kitambaa, akasimama mlangoni mwa kibanda chake cha mabati pale Kakuma, redio ndogo ameibana begani karibu na sikio. Hakutaka kuketi. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akanijibu bila kugeuka, "Hukumu husikilizwa ukiwa wima." Mtangazaji akataja bei ya Nairobi, akataja ya Mombasa, kisha akaingia kwenye habari za michezo. Mwalimu akainua mkono mmoja kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali. "Na Lodwar? Na Kakuma? Sisi tunaendesha mashine kwa mkojo?"

Bei ya kwetu tuliijua kesho yake kwenye pampu. Siku zote ilikuwa juu ya ile ya Nairobi, kwa sababu mafuta husafirishwa hadi huku, na nauli ya safari hiyo hulipwa na anayeishi mwisho wa barabara. Mwalimu alilijua jambo hilo kuliko sisi sote, maana ndiye aliyetufundisha. Lililomchoma zaidi ni kwamba mafuta yenyewe yalichimbwa kusini mwa Turkana hii hii. Aliyaona kwa macho yake Lokichar, yakipakiwa kwenye malori ya matangi kwenda pwani. "Yanaondoka hapa hayana bei," alisema, "yanarudi hayana huruma."

Nilimjua kwanza kama mwalimu wa somo la biashara katika shule ya kutwa mjini Lodwar. Mimi nilitoka Kanamkemer kwa miguu, nikifika vumbi limenipanda hadi magotini. Yeye alikuwa tayari ubaoni. Alivaa tai kila siku, hata katika miezi ile ambayo chaki iliteleza mkononi kwa jasho, na chini alivaa akala za tairi. Mwalimu mkuu alimwambia viatu vile havifai ofisini. Alimjibu kwamba tai ni kwa heshima ya kazi na akala ni kwa heshima ya mshahara.

Siku ya kwanza alituuliza maana ya uchumi. Tukafungua vitabu, tukasoma kwa pamoja sentensi ndefu iliyojaa maneno ya rasilimali na mahitaji. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema tufunge vitabu.

"Akiru," akaniita. "Baba yako akiuza mbuzi mmoja sokoni leo, anarudi nyumbani na mahindi kiasi gani?"

"Gunia moja, Mwalimu. Halijai sana."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana lilijaa, na sukari ilipatikana juu yake."

"Mbuzi amekonda?"

"La. Ni mbuzi yule yule."

"Basi, nani amelipunguza gunia?"

Mtu mmoja akasema ni duka. Mwingine akasema ni ukame. Mwalimu akaandika yote ubaoni, duka, ukame, lori, ushuru, vita vya mpakani, serikali, na akatuambia kwamba mwaka mzima tutafanya kazi moja tu: kutafuta nani amelipunguza gunia. Hatukumpata. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa bado namtafuta, na nikaenda chuoni nikidhani huko anajulikana.

Hakutupeleka mbali. Kila Jumamosi alitutuma soko la mifugo la Lodwar tukaulize mbuzi amenunua nini wiki hiyo. Wachungaji walituona wapuuzi mwanzoni, halafu wakazoea, wengine wakawa wanatuita wenyewe watuambie. Kisha ikaja karantini. Ugonjwa wa mbuzi ulikuwa umetajwa mahali fulani, mbali nasi, na serikali ikafunga masoko ya mifugo wilaya nzima. Jumamosi ile Mwalimu alikuja nasi. Tukamkuta mzee mmoja kwenye lango lililofungwa kwa mnyororo. Alikuwa ametembea na mbuzi wake kutoka upande wa Kaaleng, siku ambazo hakutaka hata kuzihesabu, na miguu yake ilikuwa imepasuka.

"Ejok," alitusalimia. "Soko iko wapi?"

"Imefungwa, baba," nilimwambia. "Serikali imefunga."

Akautazama mnyororo, akawatazama mbuzi wake. Walikuwa wazima, wanarukarukiana. "Serikali imefunga mbuzi. Mahindi haijafunga?"

"Mahindi yako dukani."

"Bei?"

Nikamwambia. Akaushika mnyororo. "Sasa mimi nitanunua na nini?"

Mwalimu alivua tai yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaitia mfukoni. Akanunua mbuzi wawili pale pale nje ya lango kwa bei ya siku za kawaida, kinyume cha amri. Yeye aliyetufundisha kwamba sheria mbaya hupingwa kwa barua na si kwa kuivunja! Jumatatu tulimuuliza juu ya hilo. Akasema, "Barua nimeandika pia." Na kweli alikuwa ameiandika. Ilijibiwa baada ya soko kufunguliwa, akishukuriwa kwa maoni yake.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, na ukimchunguza kwa karibu hukukosa mahali pa kumshika. Alikuwa akiilaumu serikali asubuhi hadi jioni, lakini wimbo wa taifa ukipigwa redioni alisimama wima, mikono ubavuni, hata kama amebeba debe la mtama. Alipostaafu na kufungua ile mashine ya kusaga Kakuma, alilipa kila ada kabla ya siku yake. Leseni aliitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Mkaguzi mmoja alimdokeza kwamba mambo yanaweza kurahisishwa kwa kiasi kidogo cha chai. Mwalimu akampa chai, kikombe kizima, yenye maziwa, akamkalisha hadi akaimaliza. Yule bwana hakurudi.

Aliuchukia msaada. Alisema watu waliozoea kulishwa husahau kuuliza kwa nini chakula kiko ghali. Na hapo hapo mashine yake iliishi kwa nafaka za msaada. Wakimbizi walipewa mahindi na mtama mzima mzima, ukitaka kula lazima usage, na kibanda chake kilikuwa mwanzo kabisa wa njia ya kuingia kambini, kinafikiwa kwa urahisi na watu wa kambi na watu wa mji. Nilipomtania kuhusu hilo alikasirika kwa dakika moja nzima. Halafu akasema, "Ni kweli. Nakula msaada kwa mkono wa pili. Usiniambie tena."

Bei yake ya kusaga ilipanda na kushuka pamoja na dizeli, na aliiandika kwa chaki mlangoni, nayo ikamletea ugomvi wa kila siku. Mgomvi wake mkubwa alikuwa Mama Achol, mwanamke wa Sudan Kusini, mrefu kama mlingoti, aliyekuwa akiuza chapati ndogo ndogo na unga wa mtama sehemu ya kwanza ya kambi. Niliwakuta siku moja wamesimama uso kwa uso, gunia katikati yao.

"Ya Mwalimu," Mama Achol aliita kwa Kiarabu cha kwao, "jana ilikuwa bei ingine."

"Jana dizeli ilikuwa bei nyingine."

"Mimi sikuli dizeli."

"Unakula, mama. Mahindi yamelimwa kwa trekta, yamekuja kwa lori, nayasaga kwa injini. Kila ugali una dizeli ndani yake. Serikali ikiongeza kodi ya dizeli, imeingiza mkono kwenye sufuria yako."

Mama Achol akafikiri. "Serikali gani? Yangu ama yako?"

"Yangu. Lakini mkono ni mrefu."

"Sasa ambia serikali yako itoe mkono."

"Nitaiambia," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayeahidi kwenda dukani.

Ndiyo tabia yake iliyonisumbua kuliko zote, na sijui hadi leo kama ilikuwa ujasiri au ukaidi. Aliamini serikali husikia. Wengi wetu tulikuwa tumeacha zamani. Kila kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kilipotangazwa Lodwar, iwe ni mswada wa fedha wa kaunti au wajumbe wametoka Nairobi kuuliza juu ya kodi mpya, Mwalimu alifunga mashine, akavaa tai, akapanda gari la asubuhi kutoka Kakuma. Alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alikaa mstari wa mbele. Na kwa miaka kadhaa ya mwisho, mtu aliyekaa mezani mbele yake akiandika kumbukumbu za kikao alikuwa mimi.

Nilikuwa nimepata kazi katika idara ya fedha ya kaunti. Kazi nzuri, yenye kiti cha kuzunguka na feni. Mwalimu alipogundua alifurahi kupita kiasi. "Sasa tuna mtu ndani," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Laiti angejua ndani kwenyewe kulivyo.

Kikao ninachokikumbuka zaidi kilihusu mapendekezo ya kupandisha leseni za mashine za kusaga na kuweka ushuru kwa kila gunia la nafaka linaloingia kaunti. Mkuu wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kila mwananchi alipewa dakika mbili. Mlangoni kulikuwa na kreti za soda kwa ajili ya baadaye, na watu wengi walikuwa wakizitazama hizo.

Mwalimu alisimama.

"Mzee, jitambulishe," mkuu wangu alisema.

"Mimi si mzee, mimi ni mlipa leseni." Watu wakacheka. "Mnataka kuongeza ushuru kwa gunia. Mwenye lori hatalipa, ataongeza bei. Mwenye duka hatalipa, ataongeza bei. Mimi na mashine yangu sitalipa, nitaongeza bei. Atakayelipa hayuko humu. Yuko Kakuma ameshika gorogoro moja ya mahindi, na hana mtu wa kumwongezea bei. Je, mmemuuliza?"

"Ndiyo maana tuko hapa, kuuliza wananchi."

"Nauli ya kutoka Kakuma ni siku mbili za chakula chake. Mkitaka kumuuliza, nendeni."

"Dakika moja imebaki."

"La pili. Mahindi yamekuwa adimu. Waambieni wenzenu waondoe ushuru wa mahindi ya kutoka nje, yaingie, bei ishuke."

"Hilo si la kaunti, mzee. Hilo ni la Nairobi."

"Walipokuja wa Nairobi waliniambia mambo ya bei niwaulize kaunti."

Ukumbi ukacheka tena. Mkuu wangu naye akacheka, akagonga meza, akasema asante sana kwa mchango. Mwalimu alikuwa bado amesimama na karatasi yake, nusu ya pili haijasomwa, wakati mtu aliyefuata alipokwisha kupewa kipaza sauti. Huyo alishukuru kaunti kwa barabara.

Niliandika ripoti wiki hiyo hiyo. Mkuu wangu alitaka ukurasa mmoja. Niliandika kwamba wananchi waliohudhuria waliunga mkono mapendekezo, isipokuwa mmoja.

Sikuwa na haja ya kuyaandika hayo. Hakuna aliyenishurutisha kwa maneno. Nilikuwa na ripoti nyingine tatu, ilikuwa Ijumaa, na sentensi ile ilikuwa fupi.

Baada ya majuma machache Mwalimu alifika ofisini kwangu. Alikuwa ameomba nakala ya ripoti kwa maandishi, kama sheria inavyomruhusu, na akapewa, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba kabla yake na karani wa mapokezi hakujua kama anaweza kukataa. Aliketi mbele yangu, akavaa miwani, akasoma ule ukurasa mmoja polepole kana kwamba ni kumi.

"Isipokuwa mmoja," alisoma kwa sauti. "Huyo mmoja alisema nini?"

"Mwalimu, nilikusikia vizuri."

"Sikuulizi kama ulisikia."

Feni ilikuwa ikizunguka. Nilitazama meza.

"Nilikufundisha kuandika jibu kamili, Akiru."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea: ningemwambia juu ya mkuu wangu, juu ya ukurasa mmoja, juu ya mama yangu anayekula kwa mshahara huu. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza hali ya mama, akaaga. Nilimtazama dirishani akivuka uwanja kuelekea stendi katika jua la saa saba, tai shingoni, na nikajichukia kwa namna ambayo sikuijua kabla.

Mwaka uliofuata alisema tena yale yale kikaoni, nami nikayaandika yote. Kurasa mbili nzima, neno kwa neno. Mkuu wangu alizirudisha zimepigwa mstari. "Hii ni ripoti, si mahubiri," alisema, bila ubaya wowote. Alikuwa na haraka. Nikafuta. Leseni zikapanda, ushuru wa magunia ukaanza, na kizuizi kikawekwa barabarani, na bei ikafanya hasa kile Mwalimu alichosema itafanya, hatua kwa hatua, kuanzia kwa mwenye lori. Sikumwambia kuhusu zile kurasa mbili. Ningemwambia ili iweje?

Angeweza kustahimili leseni. Hata dizeli alikuwa ameizoea, alivyozoea maumivu ya goti. Kilichomshinda ni kambi.

Mwanzo sehemu ya chakula iligeuzwa kuwa pesa za kutumwa kwa simu, wenye maduka wakapandisha bei siku zile zile pesa zilipoingia. Kisha msaada wenyewe ukapungua. Waliokuwa wakiutoa kule mbali walibadilisha sera zao, na huku watu wakapangwa kwa makundi, hili lipate, hili lipate nusu, hili lisipate kitu. Wakimbizi waliambiwa sasa wajitegemee. Wajitegemee wapi, Mwalimu aliuliza, kama hawaruhusiwi kusafiri bila kibali na kazi hawapewi? Foleni mlangoni kwake ikapungua. Yeye ambaye zamani aliuchukia msaada sasa alikaa juu ya debe tupu akingoja aone gunia lenye chapa ya msaada likija njiani.

Nilikuwapo siku Mama Achol alipokuja na kikombe. Nilikuwa nimetumwa Kakuma kwa kazi ya ofisi, nikapitia kumsalimia. Mama Achol alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Alinyoosha kikombe cha plastiki, kimejaa mahindi, si zaidi.

"Saga."

Mwalimu alikitazama kikombe. "Mama, hiki hakiwezi."

"Bei iko. Nitalipa."

"Si bei. Kiasi hiki kinabaki ndani. Mashine yenyewe inakimeza, hakitoki."

Nilidhani atafanya kama alivyofanya kwa vikongwe, kuwagombeza kwa sauti kubwa kisha kuwasagia bure, akidai anataka tu kupasha injini moto. Lakini hakuwa na nafaka ya kuchanganya nayo. Akamwambia aketi wangoje wengine. Wakangoja. Wakaja wanawake wanne kwa muda wa saa mbili, kila mmoja na chake: kikombe, kopo, kimfuko. Mwalimu akavimimina vyote pamoja, akawasha injini. Dizeli iliyoteketea, nina hakika, ilizidi thamani ya mahindi yale. Unga ulipotoka, kiasi kilikuwa kimepungua, kama alivyosema, na wanawake wale waliokuwa wakicheka pamoja kivulini wakaanza kugombana nani alileta kikombe kilichojaa na nani alileta kilichopelea. Mama Achol alimsukuma mwenzake. Unga kidogo ukamwagika.

Mwalimu alichutama, akaukusanya kwa viganja, mchanga na yote. "Basi, mama zangu," alikuwa akisema. "Basi, basi." Kisha akaingia ndani ya kibanda, akakaa nyuma ya injini ambako nilikuwa siwezi kumwona, na hakutoka hadi gari la ofisi liliponipigia honi.

Aliuza mashine mwezi huo. Mfanyabiashara mmoja alinunua injini kwa ajili ya kusukuma maji, na yale mabati yakauzwa peke yake. Nilisikia kwamba Mwalimu amekwenda Katilu, kwa dada yake mjane, mwenye shamba kwenye mradi wa umwagiliaji kando ya mto Turkwel. Kuna aliyesema amechoka. Mwingine akasema hatimaye amepata akili.

Nilimwona mara ya mwisho huko Katilu, msimu wa mavuno. Nilikuwa na gari la kaunti na dereva. Mashamba yalikuwa ya kijani kiasi cha kuumiza macho ya mtu aliyetoka Lodwar, mifereji imekatiza huku na huku, na mahindi yaliyopukuchuliwa yameanikwa kwenye maturubai kandokando ya njia. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya turubai lake bila tai, suruali imekunjwa hadi magotini, akizungumza na mnunuzi aliyetoka Kitale na lori. Wakulima wengine kama sita waliwazunguka.

"Bei ndiyo hiyo," mnunuzi alikuwa akisema. Alikuwa mtu mpole, si mnyang'anyi. "Mimi sipangi, mwalimu. Mahindi ya nje yameingia. Serikali imeondoa ushuru, meli zimeshusha, wenye vinu vikubwa wamejaza maghala. Nikinunua kwako kwa bei ya mwaka jana, nitamuuzia nani?"

Mwalimu aliniona. Hakuonyesha kushangaa. "Umesikia, Akiru? Wameondoa ushuru."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Miaka yote ile. Nilisimama mbele yenu, nikawaambia ondoeni ushuru, yaingie." Alicheka, kicheko kifupi kilichomletea kikohozi. "Nilipokuwa na mashine hawakunisikia. Nimelima, wamenisikia."

Wakulima walitazamana. Sidhani wengi wao walijua kwamba mwenzao aliwahi kuiomba sera iliyowaangusha.

"Wewe unatoka huko," akaendelea. "Kakuma unga umeshuka?"

"Haujashuka."

"Hata kidogo?"

"Ulishuka majuma mawili. Halafu dizeli ikapanda, ukarudi."

"Na Lodwar?"

"Vile vile."

"Basi bei imeshuka wapi?"

Mnunuzi akajikuna shingo. Mwalimu akainama, akachota mahindi kwa kiganja, akayaachia yarudi juu ya turubai. "Imeshuka hapa," alisema. "Hapa peke yake."

Wenzake walikuwa na karo za kulipa na maturubai ya kurudisha. Mmoja akasema yeye anauza. Wa pili akasema heri auze kuliko yaliwe na wadudu na panya. Mwalimu alibishana nao, kisha akabishana na mnunuzi, kwa hasira ya kweli, jasho likimtiririka, akitaja nauli, mbolea, siku za kupalilia. Mnunuzi alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, akarudia bei ile ile. Wakapeana mikono. Vijana wa lori wakaanza kujaza magunia, na Mwalimu akageuka asiyaone.

"Na wewe umeletwa na nini huku?" akaniuliza.

Nilikuwa na faili kwapani. Nilitamani kusema nimekuja kumsalimia. Lakini nilikumbuka aliniambia nini ofisini siku ile, nikamjibu jibu kamili. Nilimwambia nimetumwa kupima mahali pa kuweka kizuizi cha ushuru wa mazao, kwa kila gunia litakalotoka Katilu. Nikamwambia kwamba kutakuwa na kikao cha maoni kwanza, na kwamba mapendekezo yamekwisha kuchapishwa. Kisha nikamwambia juu ya zile kurasa mbili, jinsi nilivyoziandika na jinsi nilivyozifuta. Nilisema haraka haraka, bila kumtazama.

Nilitaka anitukane. Nilitaka hata aniambie nimefanya niliyoweza, ingawa tungejua wote wawili kwamba si kweli.

Mtu alipiga mluzi kutoka upande wa juu wa shamba. Zamu ya maji ya Mwalimu ilikuwa imefika. Kila mkulima ana saa zake, na zikipita zimepita. Aliokota jembe, akaruka mfereji kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa umri wake, akaanza kubomoa ukingo wa udongo ili maji yaingie kwenye matuta ya msimu mpya. Yalikuja taratibu, ya hudhurungi, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakafika karibu na viatu vyangu vya ofisi, yakaanza kujaa na kutafuta upande.

"Akiru," Mwalimu alisema, hakuinua kichwa. "Sogea. Unazuia maji."